Furaha Isiyopimwa kwa Mizani



Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilipoanguka, nilikuwa mtoto. Baba alirudi kutoka ghalani na fedha zisizotosha hata ada yangu ya shule. Mama aliinjika chungu cha ndizi, akamwita jirani ambaye kahawa yake iliharibiwa na chulebuni. Tulikula pamoja, tukacheka. Fedha hazikuongezeka, lakini hofu ilipungua.

Siusifu umaskini, huo ni adui wetu. Lakini wahenga walinena: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Chama chetu, kinachotimiza miaka 10 leo, kimesimama juu ya moyo ule ule. Basi sisi watumishi wenu tuwe na mizani ya haki na vitabu vilivyo wazi, ili mkulima, hata akipata kidogo, alale kwa amani.