Fundi au Mashine Mpya? Piga Hesabu Kwanza

Mazungumzo haya yalitolewa kwa familia zilizofika Marekani karibuni. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Leo sitazungumza juu ya karatasi za uhamiaji wala shule za watoto. Nataka tuzungumze juu ya friji, jiko na mashine ya kufulia. Utasema hayo ni mambo madogo. Lakini katika kazi yangu nimeona familia ikichukua pesa ya kodi ya nyumba na kumlipa fundi wa friji. Tarehe 1 inafika, kodi haijatimia, barua ya onyo iko mlangoni. Hapo friji si jambo dogo tena.

Mimi nilikulia kambini Nyarugusu, Tanzania. Wengi wenu mnapajua. Kule redio ikinyamaza haitupwi. Inapelekwa kwa fundi, naye anaifungua kwa bisibisi, anatafuta kipande katika redio nyingine iliyokufa, na jioni mnasikiliza habari. Kule kitu ni ghali, kazi ya mkono ni bei ndogo. Hapa mambo yamegeuka. Saa moja ya fundi ni ghali sana, na wakati mwingine kitu kipya kinakaribia bei ya kutengeneza cha zamani. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kuita fundi kwanza na kuuliza bei baadaye, hapa inaumiza. Kabla ya kupiga simu, jiulize maswali manne.

Swali la kwanza: mashine hii ni ya nani?

Kama umepanga, na friji au jiko ulilikuta ndani ya nyumba, mara nyingi ni mali ya mwenye nyumba, na kulitengeneza ni kazi yake. Angalia mkataba wako wa kupanga. Kama huwezi kuusoma, ulete ofisini tuusome pamoja. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe: tarehe, kitu gani kimeharibika, tangu lini. Piga picha. Ukipiga simu, bado andika baadaye, kwa sababu maneno ya simu hayaachi alama.

Najua baadhi yenu mnaogopa. Mnasema, nikilalamika atanifukuza. Kuripoti kitu kilichoharibika si ugomvi. Wenye nyumba wengi wanataka kujua mapema, maana maji yanayovuja leo yanaozesha sakafu yao kesho. Jambo moja tu nawaomba: msikatae kulipa kodi kwa sababu jiko halijatengenezwa, na msikate pesa ya fundi kutoka kwenye kodi bila ushauri. Kila jimbo lina sheria yake, na ukikosea hatua unaweza kupelekwa mahakamani. Njoo kwetu kwanza.

Swali la pili: ni kweli imeharibika?

Fundi anakulipisha hata akikuta plagi imechomoka. Kwa hiyo angalia wewe mwenyewe yale yasiyo na hatari. Je, plagi imeingia vizuri? Chomeka taa kwenye soketi ileile uone kama inawaka. Fungua kisanduku cha swichi za umeme cha nyumba. Kama swichi moja imejizima, izime kabisa kisha uiwashe tena. Ikijizima mara ya pili, iache, hapo kuna hatari. Friji haipoi? Tazama kama mpira wa mlango umechafuka au umelegea. Ndani ya friji panatakiwa kuwa nyuzi 40 za Fahrenheit au chini yake, yaani kama 4 za Selsiasi. Mashine ya kukaushia nguo inachukua muda mrefu? Toa manyoya ya nguo kwenye kichujio. Yatoe kila unapokausha, kwa sababu kutosafisha mashine hiyo ndiyo sababu kubwa ya moto unaoanzia humo.

Ukisikia harufu ya gesi, usiangalie chochote, usiguse swichi. Toa watu wote nje, kisha upige 911 ukiwa nje.

Na kama friji imezimika, usifungue mlango ovyo. Ikiwa imefungwa, chakula kinabaki salama kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hushika baridi kwa saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Nyama iliyopata joto usiionje ili kujua kama imeharibika. Itupe.

Swali la tatu: fundi atanilipisha nini?

Hapa malipo huwa ya sehemu tatu. Ya kwanza ni ada ya kuja na kuchunguza. Miji mingi ada hii iko karibu na dola 100, na unailipa hata kama hakutengeneza kitu. Ya pili ni kipuri. Ya tatu ni kazi yake. Kabla hajatoka kwake, muulize kwa simu: ada ya kuja ni kiasi gani, na nikikubali utengeneze, ada hiyo inaondolewa kwenye bei? Wengine wanaiondoa, wengine hawaiondoi. Akishachunguza, mwambie akuandikie bei yote kabla hajafungua hata skrubu moja. Ukisema "endelea" bila bei iliyoandikwa, umekubali bei yoyote.

Pia tafuta risiti. Mashine mpya nyingi zina dhamana ya mtengenezaji ya mwaka 1. Ikiwa bado imo ndani ya dhamana, piga simu kwa kampuni, usiite fundi wa mtaani, la sivyo utalipia kitu ambacho kingetengenezwa bure.

Na jambo la gesi ya friji: hapa si kila fundi anaruhusiwa kuigusa. Sheria ya serikali kuu inadai awe na cheti. Jirani akikuambia atakujazia gesi kwa dola 40, mwambie asante, ukatae.

Swali la nne: mashine ina umri gani?

Mashine ya kufulia kwa kawaida hudumu miaka 10 hivi. Friji na jiko la umeme hudumu kati ya miaka 10 na 15. Watu wengi hapa hutumia kipimo hiki: kama mashine imepita nusu ya maisha yake, na kuitengeneza kunazidi nusu ya bei ya mpya, nunua nyingine.

Tuchukue mifano miwili. Mashine yako ya kufulia ina miaka 4. Pampu ya maji imekufa, fundi anataka dola 180. Mpya ni dola 600. Tengeneza. Mfano wa pili: friji yako ina miaka 12, kompresa imekufa, fundi anataka dola 550. Mpya ya kawaida ni dola 750. Usitengeneze. Utalipa 550 leo, na mwezi wa sita kitu kingine kitakufa.

Sasa, ukiamua kununua, angalia mtego mmoja. Kuna maduka yanayokupa friji leo bila pesa mkononi, unalipa kila wiki. Maneno ni matamu: dola 25 tu kwa wiki. Zidisha wewe mwenyewe. Dola 25 mara wiki 78 ni dola 1,950, kwa friji ambayo duka la kawaida linauza dola 800. Na ukishindwa katikati, wanaichukua. Usiulize "kwa wiki ni kiasi gani?" Uliza "mpaka mwisho nitakuwa nimelipa kiasi gani?"

Afadhali ununue iliyotumika. Maduka ya Habitat for Humanity ReStore huuza vitu vilivyotumika kwa bei ya chini, na kuna maduka ya mashine zenye mkwaruzo tu. Taka uione ikifanya kazi, imechomekwa kwenye umeme. Omba dhamana ya maandishi, hata ya siku 30. Kwa mashine ya kukaushia, hakikisha ni ya umeme au ya gesi kama ilivyo nyumbani kwako, na kama plagi yake ina meno matatu au manne. Uliza pia nani ataileta, kwa bei gani, na kama atachukua ile ya zamani. Na friji iliyokufa usiiweke nje na mlango wake. Mtoto anaweza kuingia akicheza akakosa hewa.

Nimalizie na ombi. Kama unaweza, weka kando dola 10 kila mwezi kwa ajili ya vitu vya nyumba. Mwaka ukiisha una dola 120, na hiyo ni ada ya fundi bila kugusa kodi. Na siku mashine ikikwama, kabla ya kumlipa mtu yeyote, mpigie mfanyakazi wako wa kesi. Usione haya kwamba ni jambo la friji tu. Tukipiga hesabu pamoja kwa dakika kumi, kodi ya mwezi inaweza kubaki salama.

Sasa nisikie maswali yenu.