Tengeneza Motokaa Kabla ya Masika



Sisi wa reli twajua kuwa injini haitoki shedi kabla ya kukaguliwa. Motokaa nayo ni vivyo hivyo. Februari na Machi jua ni kali, na punde masika huingia.

Kwanza, tazama maji ya rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa moto usifungue kifuniko, mvuke utakuunguza. Pili, pima upepo wa tairi kabla ya safari. Tairi iliyokwisha meno itupwe, maana haishiki lami yenye maji. Tatu, mpira wa waipa hukaushwa na jua, ubadilishe mapema. Tena tazama betri, taa na breki.

Lakini matengenezo hayashindi mto. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilijaribu kuvuka mto Enziu, Mwingi, uliofurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maji ya sentimita 60 huweza kuchukua motokaa nyingi.

Basi dereva, tajiri akikuhimiza uvuke, mwambie utangoja maji yapungue, nasi wenzako tusimame nyuma yako. Gari hununuliwa tena, roho hainunuliwi.