Embe Lisioze Chini ya Mti
Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Ngoliba



Leo tuongee juu ya maembe. Huku kwetu Ngoliba, kama kule Yatta na Machakos, maembe huiva karibu yote kwa wakati mmoja, kati ya Desemba na Machi. Wewe unayo, jirani anayo, na broka anayekuja na lori anajua hivyo. Anakutajia bei yake, nawe unakubali, kwa sababu ukikataa leo, kesho yataanguka. Embe halingoji mtu. Halafu mwezi wa Juni tunakwenda dukani kununua jamu iliyotoka mbali. Hapo ndipo pesa zetu zinapotorokea.

Kuchagua. Tangu mwaka 2003, nzi wa matunda kutoka Asia alipogunduliwa hapa Kenya, maembe mengi yanaharibiwa na funza. Embe lenye funza usilipike, wala usiliache chini ya mti, maana funza ataingia udongoni na kutoka akiwa nzi. Chimba shimo la futi mbili, ulifukie. Lililochubuka tu kwa kuanguka, kata sehemu mbaya, utumie iliyobaki siku hiyo hiyo.

Jamu. Menya maembe, ukate vipande vidogo, upime kilo 2. Mengi yawe mabivu, lakini changanya na machache ambayo bado ni magumu kidogo. Hayo magumu yana pektini nyingi, yaani kile kitu kinachogandisha jamu. Tia vikombe 2 vya maji, chemsha mpaka yalainike. Sasa tia sukari kilo 1 na nusu na maji ya malimau 4. Koroga kwa mwiko bila kuacha, isishike chini. Ukitaka kujua kama imeiva, dondosha kidogo kwenye sahani baridi, usukume kwa kidole. Ikikunjamana, epua.

Chupa na vifuniko viwe vimeoshwa na kuchemshwa dakika 15. Mimina jamu ikiwa moto, funga saa hiyo hiyo, weka mahali pa baridi pasipo na jua.

Najua kuna atakayesema, sukari ni ghali, wacha nipunguze. Mama, usipunguze. Sukari si ya utamu peke yake. Ndiyo inayoshika maji ambayo viini vinahitaji ili viishi. Na limau linaleta ukali ambao viini havipendi. Ukipunguza, itachacha au kuota ukungu, na utakuwa umepoteza maembe, kuni na hiyo sukari kidogo uliyotia.

Juisi. Ponda maembe mabivu, chuja, ongeza maji yaliyochemshwa mara mbili ya hiyo rojo, na limau. Maji ya mto au ya mfereji usiyatumie bila kuchemsha. Juisi hii ni ya kunywa siku hiyo. Ikitoa povu au harufu ya pombe, mwaga. Na jambo moja tusilifanyie mzaha: chupa iliyowahi kutiwa dawa ya kunyunyizia mimea haitumiki tena kwa chakula, hata ukiiosha mara kumi.

Kuuza. Tusikimbilie soko la Thika kabla ya nyumba zetu kuonja. Pikeni sufuria moja kwanza. Katibu aandike kila kitu: maembe kwa bei ambayo broka angelipa, sukari, malimau, kuni, chupa, na saa mlizofanya kazi. Gawanyeni kwa idadi ya chupa mlizopata. Kama chupa moja imewagharimu zaidi ya ile ya dukani, basi hiyo ni ya watoto wenu, si ya biashara. Kama imewagharimu kidogo, endeleeni. Lakini kuuza madukani kunahitaji alama ya ubora ya KEBS, kwa hiyo ulizeni masharti yake kabla ya kununua chupa mia mbili kwa pesa za chama.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi
1. Msimu uliopita, maembe mangapi yalioza shambani mwako?
2. Ni nani kati yetu ataweka daftari la gharama?
3. Tukiungana kuuza mabichi kwa bei moja, broka atafanya nini?