Soma Kadi Yako Kabla ya Kupanda Meli

Ninyi mlioketi darasani pamoja na mwalimu wenu, kila mmoja na awe na kalamu na daftari lake. Nawe utakayelisoma somo hili katika kijitabu, soma polepole, na ukifika penye neno gumu, lirudie.

Leo tutazungumza juu ya safari ya meli. Sisemi safari ya jahazi au ya kivuko. Nasema meli kubwa ya matembezi, ile ambayo watu hulala ndani yake, hula ndani yake, nayo huwapitisha bandari hii na bandari ile, kisha huwarudisha walikotoka. Meli za namna hii huonekana Mombasa na Unguja, lakini nyingi huchukua abiria wake mbali na kwetu, kama vile Durban katika Afrika ya Kusini.

Labda utauliza, "Mimi na meli ya matembezi wapi na wapi?" Ndugu yangu, siku hizi watoto wetu wanafanya kazi nchi za mbali, na mtoto mwema akipata nafasi humkumbuka mzazi wake. Barua ya kukualika inaweza kufika kesho. Nami nitakueleza jinsi ilivyofika kwetu, na jinsi nilivyoiharibu.

Mdogo wangu ni muuguzi huko Afrika ya Kusini. Mwaka mmoja alimwalika mama yetu aende wapande meli pamoja pale Durban. Mama alikuwa hajui kusoma. Mimi ndiye msomi wa nyumba, basi mambo yote nikayachukua mimi. Nilimpeleka mama kuchanjwa, nikapokea kadi yake, nikaitia katika bahasha bila kuifungua. Siku ya safari, uwanjani pa ndege, ofisa aliitazama pasipoti, akaitazama kadi, akarudia tena. Jina la mama lina herufi I katikati. Kwenye kadi iliandikwa E. Tena tarakimu moja ya namba ya pasipoti ilikuwa imefutwa na kuandikwa juu yake kwa kalamu nyingine. Mama akarudishwa. Kadi mpya tuliipata siku ya tatu, lakini meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga. Meli haimngojei mtu.

Kosa la kalamu lilikuwa la karani. Kosa la kutosoma lilikuwa langu.

Basi na tujifunze. Kadi hii ni nini? Ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Homa hii huenezwa na mbu, nayo huua. Chanjo yake ilitengenezwa mwaka 1937 na Max Theiler, mtu aliyezaliwa Pretoria, naye kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Nchi nyingi hazimpokei msafiri anayetoka mahali penye ugonjwa huo mpaka aonyeshe kadi. Mtu atokaye Kenya kwenda Afrika ya Kusini hutakiwa kuwa nayo. Vivyo hivyo atokaye Kenya kuingia Tanzania.

Shika mambo manne juu ya kadi hii.

Kwanza, siku. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa mara ya kwanza. Ukichanjwa Jumatatu ukataka kusafiri Ijumaa ya juma lilo hilo, umechelewa. Lakini ukisha kuchanjwa, kadi yako yatosha maisha yako yote. Zamani ilikuwa miaka 10, na kanuni hiyo ilibadilishwa tarehe 11 Julai 2016. Hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 inakubaliwa, usiitupe.

Pili, maandishi. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti viwe sawasawa na pasipoti yako, herufi kwa herufi. Pawe na sahihi ya mganga kwa mkono wake, na muhuri wa kituo. Muhuri peke yake hautoshi badala ya sahihi. Kanuni za afya za mataifa zasema kwamba kadi iliyofutwa, iliyobadilishwa, au iliyoachwa nafasi tupu yaweza kukataliwa. Kwa hiyo ukiona kosa, usikubali karani alisahihishe kwa kalamu. Mwombe kwa adabu akuandikie kadi nyingine, nawe ungoje hapo hapo.

Tatu, sahihi yako mwenyewe. Asiyejua kuandika hutia alama yake, na mtu mwingine huandika kwamba alama hiyo ni ya fulani. Hivyo ndivyo kanuni zilivyo. Mtu hawezi kukataliwa kwa sababu hajui kuandika. Na mtoto asiyeweza kuandika hutiliwa sahihi na mzazi au mlezi. Lakini kila mtu ana kadi yake. Kadi ya mama haimfai mtoto.

Nne, mwili wako. Chanjo hii haimfai kila mtu. Mwambie mganga ikiwa una mimba, ikiwa mayai hukudhuru, ikiwa una ugonjwa wa kudhoofisha kinga ya mwili, au ikiwa umepita miaka 60. Akiona haifai kukuchanja, atakuandikia barua ya kueleza sababu, nayo utaichukua safarini.

Sasa tuje kwenye dawa. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari azichukue za kutosha safari nzima na siku chache zaidi, kwa maana meli yaweza kuchelewa. Ziwe katika vikopo au paketi zake, zenye jina la dawa na jina la mwenyewe. Ziweke katika mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa huchukuliwa bandarini na wachukuzi, na huenda usilione mpaka jioni. Daktari yumo melini, lakini kwa kawaida abiria hulipa, tena si kidogo. Ndiyo maana watu hukata bima ya safari.

Na simu je? Zamani abiria alishika tikiti ya karatasi tu. Siku hizi makampuni mengi ya meli yana programu zake za simu. Ndani ya programu hiyo abiria hujiandikisha kabla ya safari: huandika jina na namba ya pasipoti, hutia picha ya uso wake, huchagua saa ya kufika bandarini, kisha hupata pasi ya kupandia. Yafaa kuyafanya hayo nyumbani, siku nyingi kabla, palipo na mtandao mzuri na mtu wa kumwuliza. Pata programu hiyo kwa njia ambayo kampuni yenyewe imekuonyesha, wala usimpe mtu wa njiani namba yako ya siri. Ukipata pasi, ichapishe pia katika karatasi. Simu huzimika, karatasi haihitaji chaji.

Tena ukisha kuingia melini, iweke simu yako katika hali ya ndege. Baharini simu yaweza kushika mtandao wa meli unaopitia satelaiti, nao gharama yake ni kubwa sana.

Kuna jambo jingine. Kabla ya kupanda, huenda ukaulizwa habari za afya yako: una homa? Unatapika? Unaharisha? Jibu kweli. Melini watu hula pamoja na kupita ujia mmoja, na ugonjwa hupita upesi. Mnamo Februari 2020 meli iitwayo Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700. Zaidi ya 700 kati yao walipatikana na korona, na wengine walikufa. Mtu mmoja anayeficha homa yake huwatia hatarini watu wengi wasiomjua.

Sasa nimalize habari ya mama yangu. Siku ile tuliporudi nyumbani hakunilaumu. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, ningejua kusoma, ningeliona mwenyewe." Juma lililofuata alijiandikisha katika darasa la watu wazima, darasa kama hilo lenu.

Mwaka uliofuata akaalikwa tena. Safari hii mdogo wangu ndiye aliyejaza fomu katika programu ya simu, akatutumia picha yake tuitazame. Mimi niliitazama, nikasema iko sawa. Mama akavaa miwani, akatia kidole juu ya kila neno, akafika penye tarehe ya kuzaliwa, akasimama. "Hapa si mimi," akasema. "Mimi nilizaliwa tarehe 4 mwezi wa 12. Hapa wameandika tarehe 12 mwezi wa 4."

Alisema kweli. Programu ile iliweka mwezi mbele na siku nyuma, kama wafanyavyo Wamarekani, na mdogo wangu hakutambua. Ndiyo maana katika kadi ya manjano mwezi huandikwa kwa herufi, si kwa tarakimu, ili mtu asichanganye. Tukasahihisha siku ile ile, na mama akapanda meli.

Basi, ndugu zangu, mwana akusaidie, karani akusaidie, lakini karatasi yenye jina lako isome mwenyewe. Kama hujaweza kusoma yote, anza na mambo matatu: jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya pasipoti yako.

Kazi ya darasani

Someni kwa sauti, kisha andikeni katika madaftari: kadi, chanjo, sahihi, muhuri, pasipoti, bandari, abiria.

Jibuni maswali haya:
1. Mtu amechanjwa mara ya kwanza tarehe 1 Juni. Je, kadi yake yaweza kutumika tarehe 6 Juni? Kwa nini?
2. Ufanye nini ukiona jina lako limekosewa katika kadi?
3. Dawa zako utaziweka katika mzigo gani?
4. Andika tarehe yako ya kuzaliwa, na mwezi uuandike kwa herufi.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.