Kufungua Mlango wa Moyo Bila Kupasua Kifua

Somo letu leo ni vali ya mitrali, yaani mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Mtoto akiumwa koo asitibiwe, huenda akapata homa ya baridi yabisi. Miaka ikipita, kingo za mlango huo hushikamana, nao ukawa mwembamba. Damu husongamana mapafuni, na mtu hutweta kwa kazi ndogo tu.

Zamani ilibidi kupasua kifua. Mwaka 1982 daktari Kanji Inoue wa Japani alianzisha njia nyingine. Mrija mwembamba, uitwao katheta, hupitishwa katika mshipa wa kinena mpaka moyoni. Ukuta kati ya vyumba vya juu hutobolewa kidogo, mrija ukafika kwenye vali. Hapo kiputo kilicho nchani mwake hujazwa maji kwa sekunde chache, na kingo zikaachana.

Lakini angalieni: vali inayovuja sana haifai kufunguliwa hivi, wala moyo wenye donge la damu. Na homa ikirudi, vali yaweza kuharibika tena. Basi sindano za penisilini alizoagiza daktari zisiachwe. Anayetweta asingoje, na mtoto anayeumwa koo apelekwe zahanati mapema.