Video Inayorukaruka Kamera Ikizungushwa

(Mada iliyowasilishwa katika mafunzo ya maafisa wa mawasiliano wa wadi)



Wananchi wameketi chini ya mwembe wakijadili bajeti ya wadi yao. Afisa wa mawasiliano anasimama pembeni na kuzungusha simu yake kutoka meza ya viongozi hadi safu ya nyuma, ili ionekane wazi waliohudhuria. Jioni, akianza kuhariri, watu na miti wanaruka hatua kwa hatua, kama abiria wa matatu inayopita kwenye matuta.

Hilo si jambo dogo. Mwananchi akiona picha inaruka, hawazi hesabu za kamera. Anawaza kwamba kuna sehemu iliyokatwa, na pengine ni pale aliposimama kupinga. Ibara ya 35 ya Katiba inampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na video ya mkutano wake ni mojawapo ya habari hizo.

La kwanza ni kujua ugonjwa kabla ya dawa. Mara nyingi faili ni nzima, ila kompyuta imeelemewa. Mhariri atoe kipande cha sekunde kumi, akihifadhi kama video iliyokamilika, kisha akitazame nje ya programu ya kuhariri. Kikienda sawa, faili haina kosa. Atengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Programu nyingi za kuhariri zina nafasi hiyo.

Kikiendelea kuruka, ahesabu fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, ilhali televisheni ya Kenya imezoea 25. Faili ya 30 ikiwekwa kwenye mradi wa 25, programu kwa kawaida hutupa fremu 5 kila sekunde, yaani moja katika kila sita. Msemaji akiwa ametulia, hakuna anayegundua. Kamera ikizungushwa, kila kitu kinasogea na pengo linaonekana. Dawa ni mradi kufuata faili: 30 kwa 30, hasa ikiwa video ni ya kutazamwa kwenye simu.

Kuna kosa jingine la simu: idadi ya fremu hupanda na kushuka wakati wa kurekodi. Programu za kuhariri hupenda hatua zilizo sawa. Faili ipitishwe kwanza kwenye HandBrake, programu isiyolipiwa, na kuchaguliwa kiwango cha fremu kisichobadilika. Ndipo ihaririwe.

Baadhi ya programu zinaweza pia kubuni fremu za kujaza pengo. Kwa picha ya mlima au ziwa, hakuna ubaya. Lakini fremu hiyo haikupigwa na kamera. Kompyuta imekisia, na nyuso na mikono huweza kupinda. Kwa mkutano wa wananchi, au daraja lililobomoka, njia hiyo isitumike. Heri picha yenye kasoro kuliko picha ya kubuni. Faili asili nayo ihifadhiwe bila kuguswa, ili mwenye shaka aonyeshwe.

Kasoro nyingine hazina dawa mezani. Kwenye jua kali, simu hupiga kila fremu kwa muda mfupi mno. Fremu zinakuwa kali, na jicho linaona kila mruko. Kwa fremu 25, shata iwekwe 1/50, na mwanga ukizidi, kichujio cheusi kiwekwe mbele ya lenzi. Kamera izungushwe taratibu: kitu kitumie takriban sekunde saba kuvuka skrini. Itulie sekunde chache mwanzoni na mwishoni, ili mhariri apate pa kukatia. Na maafisa wanaorekodi mkutano mmoja wakubaliane mapema idadi ya fremu.

Kazi hii huchukua dakika chache kabla ya mkutano na huokoa usiku mzima baada yake. Mama aliyeacha shamba lake akatembea hadi mkutanoni anastahili kujiona pale pale alipoketi, bila kurukwa.