Kila Mmoja Asimame kwa Niaba ya Kumi: Kuchambua Tafiti za Wagonjwa na Kundi Teule

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya, Mutomo

Utangulizi



Kati ya Januari na Julai 2004, hapa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wengi walitoka Makueni na Kitui, kwa hiyo suala hili ni letu.

Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua kutoka vijiji vilevile. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354.5 za sumu kwa bilioni. Ya wenzao, 44.1. Kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa 20. Kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kulala kuliongeza hatari.

Utafiti huo ulimtambua adui. Hata hivyo, wale 80 wa kulinganishwa walichaguliwa baada ya watu kuugua. Njia hiyo peke yake haisemi: kati ya kaya mia zilizohifadhi mahindi yenye unyevu ndani, ngapi zilipata mgonjwa? Tena, damu ya mgonjwa iliyochukuliwa sumu ikiwa imeshaumiza ini haionyeshi vizuri hali ya kabla.

Mbinu

Mwaka 1986, mtakwimu Ross Prentice alieleza njia nyingine. Tuchukue mfano wa kubuni. Tunawaandikisha watu wazima 2,000 wenye afya na kuhifadhi damu yao kwenye friza. Siku hiyohiyo tunapiga kura na kuteua 200, yaani mmoja kati ya kumi. Hilo ndilo kundi teule.

Baada ya miaka miwili, watu 40 wameugua, 4 wakiwa ndani ya kundi teule. Tunapima damu ya wale 200 pamoja na wagonjwa 36 wa nje: sampuli 236 badala ya 2,000. Kesho tukitaka kuchunguza ugonjwa mwingine, kundi teule ni lilelile. Tunaongeza wagonjwa wapya tu.

Uchambuzi

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukichambua watu 236 kana kwamba ndio jamii nzima, wagonjwa 40 wanakuwa asilimia 17. Ukweli ni asilimia 2.

Dawa yake ni uzito. Kila mgonjwa anahesabiwa mara 1, kwa kuwa wote wamo. Kila asiyeugua katika kundi teule anahesabiwa mara 10, kwa niaba ya wenzake tisa waliobaki kwenye orodha. Jumlisha: 196 mara 10 ni 1,960, ongeza 40, unapata 2,000. Hesabu imerudi nyumbani.

Kisha tumia modeli ya Cox, inayochambua muda hadi mtu kuugua, yenye uzito huo, na ukadirie makosa ya sampuli kwa njia inayozingatia uteuzi. Ukitumia ile ya kawaida, utajiamini kupita kiasi. Programu huria ya R ina amri ya cch kwa kazi hii.

Hitimisho

Ndugu zangu, mbinu hii huanzia kwenye daftari la kijiji, kabla ya mavuno. Tuandikishe kaya mapema, tupige kura hadharani, na tuandike wazi ni wangapi waliteuliwa kati ya wangapi. Namba hizo mbili zikipotea, hakuna kompyuta itakayozirudisha.